Pluto haikupungua hata kilometa moja



Makala hii naiandika kwanza kama mtu anayesahihisha kosa lake mwenyewe. Katika miaka yangu ya kwanza ya uchungaji, nilipokuwa nimetoka tu katika masomo ya teolojia, nilikuwa na mfano nilioupenda sana kuutumia madhabahuni. Nilisema: "Sisi shuleni tulifundishwa sayari tisa. Tuliimba majina yake kwa Kifaransa, kuanzia Mercure mpaka Pluton. Kisha mwaka 2006 wanasayansi wakakaa katika mkutano, wakapiga kura, na Pluto ikaondolewa. Leo wanasema hivi, kesho watasema vile. Lakini Neno la Mungu halibadiliki!" Watu waliitika amina kwa nguvu. Niliurudia mfano huo katika parokia mbili na katika semina moja ya vijana.

Siku moja baada ya ibada, mzee mmoja wa kanisa, mwalimu wa hesabu aliyestaafu, alinivuta pembeni. "Mchungaji," akaniuliza, "gunia la kilo hamsini likitolewa depo moja na kupelekwa depo nyingine, likaandikwa katika daftari lingine, kilo zake zinapungua?" Nikasema hapana. "Basi Pluto ilipunguka nini?"

Sikuwa na jibu. Mbaya zaidi, niligundua kwamba nilikuwa nahubiri juu ya kitu ambacho hata ukubwa wake sikuujua. Kama ungeniuliza siku ile ipi ni kubwa, Pluto au mwezi huu tunaouona usiku, ningekujibu bila wasiwasi: Pluto, maana moja ni sayari na mwingine ni mwezi tu. Ningekuwa nimekosea.

Tuanze basi na vipimo. Dunia yetu ina upana wa kilometa kama 12 742, ukiipima kutoka upande mmoja hadi wa pili kupitia katikati. Mwezi wetu una kilometa 3 474. Pluto ina 2 377. Kwa sisi wa Kongo, kutoka Kinshasa hadi Lubumbashi kwa mstari wa ndege ni kama kilometa 1 570. Chukua safari hiyo, uongeze nusu yake, na umetoboa Pluto kutoka upande hadi upande.

Lakini upana peke yake unadanganya macho. Mama zetu wanaopika kwenye semina wanajua jambo hili kuliko sisi wachungaji: sufuria yenye upana mara mbili na kina mara mbili hailishi watu mara mbili, inalisha watu mara nane. Ndivyo ilivyo kwa mipira ya mbinguni. Upana wa Pluto ni kama theluthi mbili ya upana wa mwezi, lakini ukiwaza mwezi kama chombo kitupu, ungeweza kumimina ndani yake Pluto tatu na bado ukabakiwa na nafasi kidogo. Ndani ya Dunia zingeingia Pluto zaidi ya 150.

Na Pluto haiko peke yake. Muungano wa Kimataifa wa Wanaastronomia unatambua rasmi sayari kibete tano. Ya kwanza ni Ceres, iliyo katika ukanda wa mawe kati ya Mirihi na Mshtarii (zile tulizoziita Mars na Jupiter darasani). Nyingine nne ziko mbali sana, huko Neptuni inakozunguka na kupita: Pluto, Haumea, Makemake na Eris. Eris ina upana wa kilometa 2 326, karibu sawa na Pluto. Makemake ina kama 1 430. Haumea ni ya ajabu kidogo, maana inajizungusha yenyewe mara moja katika muda wa saa kama nne, na mwendo huo umeivuta hadi ikawa na umbo la yai. Upande wake mrefu ni kama mara mbili ya ule mfupi.

Ceres ndiyo ndogo kuliko zote, yenye kilometa 940. Mimi binafsi ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inaweza kupimwa kwa nchi yetu. Kongo ina eneo la kilometa za mraba kama 2 345 000. Ukiichuna Ceres kama chungwa na kutandaza ganda lake chini, utapata kama 2 770 000. Yaani uso mzima wa ulimwengu ule unaizidi Kongo kwa kiasi kidogo tu. Mto wetu, wenye urefu wa kilometa kama 4 700, ungeizunguka Ceres mara moja na nusu.

Sasa chukua sayari kibete zote tano, uzikande pamoja kuwa donge moja. Donge hilo bado litakuwa dogo kuliko mwezi wetu, na uzito wake utakuwa kama nusu ya uzito wa mwezi. Niliposoma hesabu hiyo mara ya kwanza niliirudia mwenyewe kwa kalamu, kwa sababu sikuamini.

Hapa ndipo wengi tunapojikwaa. Tunafikiri mwezi ni lazima uwe mdogo kuliko sayari, kama mtoto alivyo mdogo kuliko mzazi. Ni kweli kwamba kila mwezi ni mdogo kuliko sayari yake mwenyewe unayoizunguka. Lakini si mdogo kuliko kila sayari. Mshtarii ina mwezi uitwao Ganymede wenye upana wa kilometa 5 268. Zohali, yaani Saturne, ina mwezi uitwao Titan wenye kilometa 5 150. Utaridi, yaani Mercure, ambayo ni sayari kamili isiyobishaniwa na mtu, ina kilometa 4 879 tu! Miezi miwili inaipita sayari kwa upana. Na ipo miezi saba inayoipita Pluto: hiyo miwili, kisha Callisto, Io na Europa ambayo yote ni ya Mshtarii, kisha Triton wa Neptuni, na mwezi wetu. Pluto hata siku ilipoitwa sayari ya tisa ilikuwa ndogo kuliko miezi hiyo saba. Kura haikugusa chochote hapo.

Mtu atauliza: kama Ganymede inaipita Utaridi, kwa nini Ganymede isiitwe sayari? Jibu la kwanza ni kwamba Ganymede haizunguki Jua kwa njia yake yenyewe, inaizunguka Mshtarii. Mwezi ni mwezi kwa sababu ya yule anayezungukwa, si kwa sababu ya udogo. Lakini kuna jambo la pili, nalo ni uzito. Sokoni gunia la makaa linaweza kuwa kubwa kuliko gunia la chumvi, na bado mbebaji akachagua la makaa bila kufikiri. Utaridi ni gunia la chumvi: ndani yake kuna kiini kikubwa cha chuma. Ganymede ina barafu nyingi iliyochanganyika na mawe, na uzito wake haufiki nusu ya uzito wa Utaridi, ingawa kwa macho ndiyo kubwa. Eris na Pluto ni vivyo hivyo. Pluto inaizidi Eris kwa upana wa kilometa kama hamsini, lakini Eris ni nzito kuliko Pluto kwa zaidi ya robo. Kwa hiyo ukiulizwa ipi ni kubwa, uulize kwanza: kwa metre au kwa mizani?

Nije sasa kwenye lile jambo nililolisema vibaya madhabahuni, yaani namna maarifa juu ya Pluto yalivyobadilika.

Pluto iligunduliwa Februari 1930 na kijana Mmarekani, Clyde Tombaugh, katika kituo cha Lowell huko Arizona. Mwanzilishi wa kituo hicho, Percival Lowell, alikuwa amekufa mwaka 1916 akitafuta sayari ambayo aliamini ina uzito wa karibu mara saba wa Dunia. Kilichoonekana mwaka 1930 kilikuwa nukta ya mwanga tu. Hakuna darubini ya wakati ule iliyoweza kuonyesha upana wake. Walichokuwa nacho ni mng'ao, na mng'ao una shida yake. Simama usiku wa mbalamwezi utazame mlima wa mbali. Kibanda kidogo chenye bati jipya kitang'aa, na nyumba kubwa ya nyasi iliyo karibu nacho hutaiona kabisa. Nukta ileile ya mwanga inaweza kuwa kitu kikubwa cheusi au kitu kidogo cheupe. Wanasayansi walidhani Pluto ni kubwa na nyeusi. Wakaikadiria kuwa karibu sawa na Dunia kwa uzito.

Mnamo 1950 mwanaastronomia Gerard Kuiper aliishusha hadi kama sehemu moja ya kumi ya uzito wa Dunia. Mwaka 1976 ikagundulika kwamba uso wake una barafu ya methani, yaani unang'aa. Ni bati jipya, basi lazima kiwe kibanda kidogo. Kisha Juni 1978 James Christy, akichunguza picha za Pluto, aliona uvimbe mdogo pembeni uliokuwa unahama mahali. Ulikuwa ni mwezi wa Pluto, ambao aliuita Charon.

Ugunduzi huo ulikuwa mizani yenyewe. Kitu cha mbinguni huwezi kukiweka kwenye kilo. Unakipima kwa kutazama kinavyokishika kile kinachokizunguka. Kizito kinamzungusha mwenzake upesi, chepesi kinamzungusha polepole. Charon inaizunguka Pluto kwa siku sita na saa kadhaa, kwa umbali wa kilometa kama 19 600. Kutokana na namba hizo mbili uzito ulijulikana: kama sehemu moja ya mia tano ya Dunia. Mwaka 1980 wanasayansi wawili wakaandika kwa mzaha kwamba, kwa jinsi Pluto inavyozidi kupungua kila ikipimwa, itakuwa imetoweka kabisa mwaka 1984.

Tazameni vizuri, ndugu zangu. Kupungua kwote huko kulitokea kabla ya kura ya mwaka 2006, na hakukuwa kupungua kwa Pluto. Makadirio ndiyo yaliyopungua. Kila kipimo kipya kilikuwa karibu zaidi na kweli kuliko kile cha nyuma. Mimi nilikuwa nauita huo ni kigeugeu. Mwalimu yule mstaafu aliniambia kuwa ni kama mtu anayekaribia kitu kutoka mbali, anaanza kusema "ni ng'ombe," kisha "hapana, ni mbuzi," na akifika anamshika mbuzi kamba. Hakudanganya aliposema ng'ombe. Angedanganya kama angemshika mbuzi na kuendelea kusema ng'ombe ili asionekane amebadilisha neno.

Kipimo cha mwisho kilikuja tarehe 14 Julai 2015, chombo cha Marekani kiitwacho New Horizons kilipopita karibu na Pluto na kupiga picha za milima yake ya barafu. Kilikuwa kimerushwa Januari 2006, miezi saba kabla ya kura. Kilipoondoka, Pluto ilikuwa sayari. Kilipofika, ilikuwa sayari kibete, na ilikuwa ileile.

Basi kura ilihusu nini? Ilihusu daftari. Tangu 1992 watu walianza kugundua vitu vingine vingi ng'ambo ya Neptuni, na mwaka 2005 Mike Brown na wenzake wawili walitangaza Eris, ambayo wakati ule ilionekana kuipita Pluto. Ikawa lazima kuchagua: ama Eris iitwe sayari ya kumi, na nyingine zije nyuma yake bila kikomo, ama Pluto ihamishwe. Huko Prague, tarehe 24 Agosti 2006, wakakubaliana kwamba sayari ni kitu kinachozunguka Jua, chenye uzito wa kutosha kujivuta kuwa duara, na ambacho kimetawala njia yake, yaani hakishiriki njia hiyo na umati wa vingine. Pluto inatimiza mawili ya kwanza. La tatu inashindwa, maana iko katika umati, na njia yake inakatiza ile ya Neptuni, ambayo ni nzito karibu mara 8 000 kuliko yenyewe. (Hazitagongana, kila Neptuni inapozunguka mara tatu, Pluto inazunguka mara mbili, na mpango huo unaziweka mbali.) Mtaona kwamba katika masharti hayo hakuna idadi ya kilometa. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba chini ya upana fulani si sayari.

Na haikuwa mara ya kwanza. Ceres iligunduliwa tarehe 1 Januari 1801 na Giuseppe Piazzi, padri Mkatoliki wa huko Palermo, Sicilia. Kwa karibu nusu karne vitabu viliihesabu kuwa sayari. Majirani zake walipozidi kugunduliwa, ikahamishiwa kundi la mawe ya angani, na mwaka 2006 ikapandishwa kuwa sayari kibete. Siku ileile Pluto iliposhushwa, Ceres ilipanda. Habari hiyo sikuwahi kuihubiri.

Wako wanaastronomia wanaoipinga hiyo kura hadi leo, akiwemo Alan Stern, aliyeongoza kazi ya New Horizons. Wanasema sharti la tatu halifai, na kwamba kitu kiitwe sayari kwa jinsi kilivyo chenyewe na si kwa majirani zake. Ni hoja yenye uzito. Lakini mpinga kura na mkubali kura wote wanakubaliana juu ya kilometa 2 377.

Kwa nini haya katika ukurasa wa kanisa? Kwa sababu vijana wetu wanasoma. Mwanafunzi wa chuo kikuu anayesikia mchungaji akicheka kipimo ambacho yeye amekifanya kwa mikono yake hatabishana naye. Ataondoka kimya. Atajiuliza: kama huyu anakosea katika jambo ninaloweza kulipima, nimwaminije katika yale yasiyopimika? Agostino, askofu wa Hippo hapa Afrika, aliliona tatizo hili zaidi ya miaka 1 600 iliyopita, akawaonya Wakristo wasizungumze ovyo juu ya mbingu na nyota mbele ya watu wanaozijua. Na Jean Calvin, baba yetu wa Matengenezo, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo uliotoka 1554, alikutana na swali la ukubwa kama hili letu. Musa anautaja mwezi kuwa mmoja wa mianga miwili mikubwa, ilhali wanaastronomia wanaonyesha kuwa Zohali, inayoonekana kama nukta, ni kubwa kuliko mwezi. Calvin hakuwatukana wanaastronomia. Alikubali kipimo chao, akasifu kazi yao, akaeleza kwamba Musa aliandika kwa namna ambayo mtu wa kawaida anaona kwa macho yake. Kitabu hicho nilikuwa nimekisoma chuoni na kukifanyia mtihani. Kilinipita.

Torati inakataza mtu kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, zito na jepesi. Mimi nilikuwa na mawili: nilipougua malaria nilikiamini kipimo cha maabara bila kuuliza, na Jumapili niliwacheka wapimaji ili nipate amina. Nilirudi katika ile parokia ya pili nikalisema hilo mbele ya watu. Wengine walishangaa kwamba mchungaji anaungama habari za Pluto. Mwalimu mstaafu alikaa benchi la mbele akitikisa kichwa polepole.

Kwa walimu wa shule ya Jumapili wanaotaka kuwaonyesha watoto jambo hili, sisi tumelifanya kwa udongo wa mfinyanzi na rula, bila gharama. Sentimita moja iwe kilometa 1 000. Dunia inakuwa mpira wa karibu sentimita 13, mwezi sentimita tatu na nusu, Ganymede tano na kidogo, Utaridi pungufu kidogo ya tano, Pluto mbili na kidogo, Charon moja na kidogo, Ceres punje ya njegere. Msiwaambie kwanza majina. Waacheni wazipange kwa ukubwa, kisha waulizeni ni zipi sayari na ni zipi miezi. Hakuna kikundi kilichopata yote. Halafu mpeni mtoto mmoja Pluto tatu azikande ziwe donge moja, aliweke kando ya mwezi. Jua kwa kipimo hicho ni duara la metre 14, pana kuliko kanisa letu, hivyo tulilichora chini uwanjani kwa kamba na majivu. Dunia ingekaa kilometa moja na nusu kutoka hapo, na Pluto kilometa 59. Wakubwa waliuliza kama tunaweza kutembea mpaka kwa Pluto. Tuliishia kwenye Dunia, maana mvua ilikuwa inakuja.